Pima Elfu Mbili: Mhadhara juu ya Mkongo wa Simu Chini ya Bahari ya Atlantiki



Nitaanza na neno, maana neno ni jepesi kubeba kuliko waya. Sote humu ukumbini tuna simu mifukoni, na kwa hisani yenu naomba zizimwe. Neno lenyewe tulilipata kwa Waajemi. Kwao sim ni waya, na pia ni fedha, yaani ile madini. Wazee waliolitia katika Kiswahili hawakuwa na maana ya kifaa cha kuzungumzia. Simu kwao ilikuwa waya uliotandikwa, na ilikuwa pia habari iliyopita ndani ya waya huo ikamfikia mtu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Habari zilipoanza kuruka hewani pasipo waya, ikabidi waseme simu ya upepo.

Na simu hupigwa. Najua Kiswahili hupiga kila kitu: hupiga picha, hupiga pasi, hupiga deki, hupiga hodi na miayo. Sitaki kujenga nyumba juu ya kitenzi kimoja. Lakini nina sababu ya kukitaja. Kisa nilichokuja nacho leo ni cha watu walioshika kwamba simu ni kitu cha kupigwa, na ikigoma ipigwe kwa nguvu zaidi. Na cha mtu mmoja aliyeona kwamba taabu yote haiko kwa anayepiga bali kwa anayesikia. Mabishano hayo yalifanyika juu ya mkongo uliolala pima elfu mbili chini ya maji, kati ya Ireland na Newfoundland, na yaligharimu mkongo wenyewe.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, na baada ya hapo nguzo za simu zikaota Marekani na Ulaya kama uyoga baada ya mvua. Nchi kavu kazi ilikuwa nyepesi: simamisha nguzo, tundika waya, hewa yenyewe itazuia umeme usivuje. Majini mambo ni mengine. Waya mtupu ukiutia baharini, bahari inaunywa umeme wote. Unahitaji kuuvika waya nguo isiyopenya maji, isiyooza, inayopindika bila kupasuka. Nguo hiyo haikutoka kwenye maabara ya Ulaya.

Ilitoka Malaya. Kuna mti kule ambao utomvu wake ukigandishwa huwa mgumu kama ubao, na ukitiwa katika maji ya moto hulainika ukafinyangika utakavyo. Wamalay waliutumia kutengenezea mipini ya mapanga. Daktari mmoja wa Kiingereza pale Singapore, William Montgomerie, aliona mipini hiyo, na mwaka 1843 akapeleka sampuli London. Waliuita gutapecha, kutokana na jina la Kimalay ambalo neno lake la kwanza, getah, maana yake ni utomvu. Miaka michache baadaye mwanasayansi Michael Faraday akaeleza kwamba kitu hiki huzuia umeme vizuri mno. Tena kilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeitafuta: hewani na juani huchakaa, lakini kwenye giza, baridi na mgandamizo wa kilindi cha bahari hukaa miaka na miaka. Ni kama kiliumbwa kwa kazi hiyo.

Ila wavunaji hawakuugema mti ule kama mpira unavyogemwa. Waliukata, wakauchanja shinani hadi kileleni, wakapata utomvu usiofika hata kilo moja, kisha wakahamia mti wa pili. Hesabuni wenyewe mkongo wa maelfu ya kilomita ulikula miti mingapi. Katika hotuba za sherehe zilizotolewa London na New York, msitu huo hautajwi.

Mwaka 1850 ndugu wawili, John na Jacob Brett, walitandika waya uliovikwa gutapecha kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa. Waya ulikuwa mwembamba na mwepesi, hata ikabidi waufunge vipande vya risasi uzame. Ulipitisha alama chache, nazo hazikusomeka vizuri. Kesho yake ulikuwa umekufa. Inasimuliwa kwamba mvuvi wa Kifaransa aliukuta kwenye zana zake, akakata kipande akaenda kukionyesha watu, akidhani amepata mwani wa ajabu wenye dhahabu ndani. Sijui tumcheke au tumhurumie. Mwaka uliofuata walirudi na waya uliozungushiwa nyuzi nene za chuma, mfano wa kamba za chuma za migodini, na huo ukadumu. Umbo la mkongo likapatikana: shaba katikati, gutapecha juu yake, katani yenye lami, kisha chuma.

Sasa aingie Cyrus Field. Alikuwa mfanyabiashara wa karatasi New York, tajiri aliyepumzika biashara akiwa bado kijana, na mtu tajiri asiye na kazi ni hatari. Mwaka 1854 alijiwa na mhandisi aliyefilisika, Frederic Gisborne, aliyetaka msaada wa kukamilisha njia ya simu ndani ya Newfoundland, ili habari za meli kutoka Ulaya zifike New York siku chache mapema. Husimuliwa kwamba baada ya mgeni kuondoka Field alisimama mbele ya tufe la dunia lililokuwa chumbani mwake, akaliangalia, akajiuliza kwa nini waya uishie Newfoundland. Hakujua lolote la umeme. Hakujua lolote la bahari pia, isipokuwa kwamba ilimtapisha. Na bado aliivuka Atlantiki mara kadhaa wa kadhaa kwa ajili ya jambo hili.

Bahati yake ni kwamba wanamaji wa Marekani walikuwa wameanza kuipima bahari ile. Mabaharia wetu wanaijua bildi, lile pande la risasi linaloshushwa kwa kamba kupima kina. Kwenye kina kikubwa bildi ya kawaida haifai, maana huwezi kutambua imefika chini, na ukishatambua huwezi kuivuta. Afisa mmoja kijana, John Brooke, alibuni bildi yenye tufe la mzinga ambalo likigusa chini huchomoka likabaki huko, na fimbo nyepesi ikarudi juu na tope kidogo. Tope lililopandishwa lilikuwa laini, limejaa vigamba vidogo vidogo vizima, na hiyo ni dalili kwamba huko chini hakuna mkondo wa kuusugua waya ukakatika. Kati ya Ireland na Newfoundland waliona kama uwanda, wakaupa jina la uwanda wa simu kabla hata simu yenyewe haijatengenezwa.

Kampuni ikaundwa Uingereza mwaka 1856 kwa mtaji wa pauni 350,000. Serikali ya Uingereza iliahidi pauni 14,000 kwa mwaka pamoja na meli. Marekani ikafuata, ingawa katika Seneti hoja hiyo ilipita kwa kura moja tu. Kisha haraka ikaharibu mambo. Mkongo uligawanywa kwa viwanda viwili, kimoja Greenwich na kingine Birkenhead. Kila kimoja kilisokota nyuzi za chuma za nje kwa mkono wake: hiki kulia, hiki kushoto. Mtu yeyote anayesokota kamba za makumbi kule Jambiani angewaambia kitakachotokea ukiunga kamba mbili za msokoto wa kupingana ukazitia uzito. Hufunguana. Lakini hakuna aliyemuuliza msokota kamba. Waligundua kazi imekwisha, ikabidi wabuni kiungo maalumu cha kuzishika ncha zile mbili.

Agosti 1857 meli mbili za kivita, Niagara ya Marekani na Agamemnon ya Uingereza, ziliondoka Valentia, kisiwa cha magharibi mwa Ireland. Zilikuwa mbili kwa sababu hakuna meli moja iliyoweza kubeba mkongo wote. Niagara ndiyo iliyoanza kutandika. Siku chache baadaye, kilomita 600 hivi kutoka pwani, aliyekuwa kwenye breki ya mtambo aliikaza shetri ikiwa inapanda na wimbi. Mkongo ukakatika, ukazama kwenye kina cha pima 2,000. Basi, mwaka umekwisha.

Juni 1858 walirudi kwa mpango mwingine: meli zikutane katikati ya bahari, ziunge ncha zao, kisha kila moja ielekee kwake. Agamemnon, ikiwa imelemewa na mzigo uliopangwa ovyo, ilikutana na dhoruba iliyoisukasuka kwa zaidi ya wiki nzima. Makaa ya mawe yalifumuka ngamani yakajeruhi mabaharia, na mkongo ukajisokotasokota kama chango. Ilinusurika. Waliunga, ukakatika. Waliunga tena, ukakatika. Mara ya tatu zaidi ya kilomita 300 zikapotea, wakarudi Ireland. Katika kikao cha London wapo waliosema mkongo uliobaki uuzwe na kampuni ivunjwe. Wengine wakasema, tumeshalipia makaa. Meli zikatoka tena Julai, pasipo ngoma wala bendera.

Mara hii mkongo haukukatika. Nyangumi mmoja mkubwa alipita karibu na mkongo ukiwa unashuka, watu wakashika roho mikononi, akaenda zake. Agosti 5, 1858 Niagara ilifika Newfoundland na Agamemnon ikafika Valentia, siku hiyo hiyo. Agosti 16 ukapita ujumbe wa Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan. Maneno 98. Yalichukua saa 16.

Naomba msiziruke saa hizo. Ni karibu dakika kumi kwa kila neno. New York hawakuzitilia maanani. Walikuwa wakifyatua fataki, hata fataki zikaunguza paa la jumba la halmashauri ya mji. Duka la Tiffany lilinunua mkongo uliosalia, likaukata vipande vidogo, likaviuza kama vito. Lakini chumbani kwa wapiga simu watu walikuwa wakitokwa jasho. Na hapa ndipo palipo na kisa changu.

Wapiga simu wa nchi kavu walizoea alama kali: nukta, mstari, nukta, kila moja na mpaka wake. Katika mkongo mrefu wa baharini alama hutoka upande wa pili imelegea, imerefuka, imemezana na jirani yake. Sababu yake si ngumu. Shaba ndani, bahari nje, na gutapecha katikati: umeme unaoingia haukimbilii mwisho moja kwa moja, kwanza unajaza ukuta. Chukua mpira wa maji ulio mrefu na laini, ufungue bomba na kulifunga haraka haraka. Ule mpira utavimba, na mwishoni maji yatatoka polepole yakiwa hayana mapigo tena, yanatiririka tu. Profesa wa Glasgow, William Thomson, alikuwa amepiga hesabu yake mapema: ukiongeza urefu mara mbili, ucheleweshaji huongezeka mara nne. Akashauri shaba iwe nene na safi zaidi.

Fundi mkuu wa umeme wa kampuni alikuwa Wildman Whitehouse, mganga wa upasuaji kutoka Brighton aliyejifunza umeme mwenyewe. Alizipinga hesabu za profesa hadharani. Kwake yeye, ikiwa alama inafika dhaifu, dawa ni kuipiga kwa nguvu. Alikuwa na koili kubwa za kuzalisha volti zinazokadiriwa kufika 2,000, na mkongo ulipotulia chini akazitumia.

Thomson alikwenda njia ya pili. Alichukua kioo kidogo sana, chepesi, akakibandikia vipande vya sumaku mgongoni, akakining'iniza kwa uzi wa hariri ndani ya koili ya waya. Mkondo hafifu ukipita, kioo hugeuka kidogo mno, jicho halioni. Lakini akakimulika kwa taa, na nuru inayorudi kutoka kwenye kioo ikaangukia kipimo kilichowekwa mbali kidogo. Pale, kugeuka kwa kiasi cha unywele huonekana kama mwendo mkubwa. Nuru ikienda upande huu ni nukta, ikienda upande ule ni mstari. Karani hukaa gizani akiitazama nuru hiyo inavyotangatanga, na kumtamkia mwenzake herufi.

Kichekesho chenyewe, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba vyombo vya Whitehouse havikuweza kusoma kilichotoka Newfoundland. Pale Valentia alama zilikuwa zikisomwa kwa kioo cha Thomson, huku Whitehouse akiwaambia watu kwamba ni kwa chombo chake. Kampuni ilimwachisha kazi mwezi huo huo, lakini mkongo tayari ulikuwa mgonjwa. Septemba 1, 1858, siku ambayo New York ilimpitisha Cyrus Field barabarani kwa gwaride kubwa, mawasiliano ya maana yakakoma. Baada ya hapo zilisikika alama za kukorokocha tu, hadi Oktoba kukawa kimya.

Simtetei Whitehouse, lakini haki yake nitampa. Mkongo ule haukuwa mzima tangu mwanzo. Ulianikwa juani kiwandani hata gutapecha ikalainika na shaba ikasogea pembeni. Uliviringwa na kuviringuliwa, ukakatika, ukaungwa. Thomson aliwahi kupima nyaya za shaba zilizouzwa kwa jina moja akakuta baadhi zinapitisha umeme vibaya mno kuliko nyingine, na hakuna aliyekuwa akikagua. Daktari alimpa mgonjwa dawa kali kupita kiasi. Lakini mgonjwa aliletwa kwake akiwa mahututi.

Kulikuwa na jambo moja lililoifanya serikali isikate tamaa. Katika wiki zile chache, London iliwahi kupeleka amri ya kuzuia vikosi viwili vya askari vilivyokuwa Kanada visisafirishwe, kwa kuwa uasi wa India ulikuwa umetulia. Amri hiyo moja iliokoa kiasi cha pauni 50,000. Watu wa hazina wanaelewa lugha hiyo. Mwaka uliofuata mkongo mwingine ulianza kutandikwa kupitia Bahari ya Shamu kwenda Aden na Karachi, kwa dhamana ya serikali, nao ukafa vipande vipande. Serikali ikabaki kulipia maiti kwa miaka mingi. Ndipo ikaitishwa tume. Ilihoji mafundi, wenye viwanda na wanasayansi, na ripoti yake ya 1861 ilikuwa nene kama tofali. Nimewahi kusema darasani kwamba kitabu kile ni muhimu kuliko meli yoyote katika kisa hiki, wanafunzi wakapiga miayo. Lakini ni kweli. Kabla yake, mtu alisema shaba nzuri, gutapecha nzuri, mkondo wa kutosha. Baada yake, kila kipande cha mkongo kilizamishwa majini kikapimwa kwa tarakimu, na waliokosea walijulikana wamekosea wapi.

Mkongo mpya uliotoka hapo ulikuwa na ratli 300 za shaba kwa kila maili ya baharini, badala ya 107. Profesa alikuwa ameshinda. Lakini mkongo mzito hivyo ungebebwa na nini?

Kulikuwa na meli moja London iliyowatia hasara wote walioigusa. Great Eastern, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ilikuwa na urefu wa mita 211, na ilijengwa ibebe abiria 4,000 kwenda Mashariki ya mbali bila kutia makaa njiani. Wakati wa kuishusha majini ilikwama miezi. Brunel alikufa 1859. Abiria hawakupatikana. Mwaka 1864 iliuzwa mnadani kwa pauni 25,000, bei ya aibu kwa chuma kile, na walionunua walikuwa watu wa mkongo. Ndani yake mkongo wote ungeingia, ukalala kwenye matangi ya maji kama inavyotakiwa.

Julai 1865 iliondoka Ireland chini ya nahodha James Anderson. Ilitandika kwa siku kadhaa, mara mbili tatu mafundi wakiona kwa vipimo vyao kwamba mkongo umetobolewa na kipande cha waya, nao wakiurudisha juu kuukarabati. Wakashukiana wao kwa wao kwamba kuna mhujumu ndani ya meli. Agosti 2, zikiwa zimebaki kama kilomita 1,000 kufika, wakati wa kuurudisha tena, ulikatika mbele ya macho yao. Ukazama.

Hapa ndipo Samuel Canning, mhandisi mkuu, alipofanya jambo ambalo watu wengi melini waliliona ni wazimu. Alishusha kulabu. Kulabu ya chuma yenye vidole vitano, iliyofungwa kwenye kamba ya chuma ya kilomita kadhaa, ishuke pima elfu mbili na zaidi ikatafute kitu kinene kama kidole gumba kwenye tope, gizani. Ilichukua karibu saa mbili kufika chini. Kisha meli ikaachwa ipeperuke kukingama njia ya mkongo, kamba ikiburura. Na ikanasa. Mtambo ukaanza kuvuta, kamba ikakaza, ikawa wazi kwamba kuna kitu kinainuka kutoka kwenye vumbi la dunia. Kisha pingu moja ya kuungia kamba ikachomoka, kila kitu kikarudi chini. Walijaribu tena, wakanasa tena, hadi kamba ikawaishia. Wakaweka boya, wakaenda zao.

Ninalipenda jaribio hili lililoshindwa kuliko lile lililofanikiwa. Kwa mara ya kwanza kilindi cha bahari hakikuwa tena kaburi. Kilikuwa mahali pa kufikika, mradi kamba iwe imara. Mei 2024, mikongo miwili inayopita pwani yetu, EASSy na Seacom, ilipokatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki, wengi wenu mlilalamika. Meli ya matengenezo inapokwenda kuutafuta mkongo uliokatika kwenye kina kirefu, hadi leo hushusha kulabu ikaburura.

Mwaka 1866 walirudi. Waliondoka Valentia Julai 13, na Julai 27, siku ya Ijumaa, mkongo mpya ukafika Heart's Content, kijiji cha wavuvi Newfoundland. Ilikwenda salama kiasi kwamba sina la kuwasimulia. Mtu wa kawaida angeishia hapo akanywe chai. Wao waligeuza meli wakarudi katikati ya bahari kuutafuta ule wa mwaka jana.

Walitupa kulabu mara 30 hivi. Mara nyingine ulifika juu ya maji, ukaonekana, mweupe kwa tope, watu wakashangilia, ukateleza ukarudi. Usiku wa kuamkia Septemba 2 hatimaye ncha ilifungwa salama ikapandishwa sitahani, wakaivuta mpaka chumba cha vipimo. Hakuna aliyesema kitu. Upande wa pili, Valentia, makarani walikuwa wamekaa zamu mwaka mzima mbele ya kioo, wakiitazama nuru ikitangatanga bila maana kwa mikondo ya asili ya ardhi. Alfajiri ile ya Jumapili nuru iliacha kutangatanga. Ilianza kusema.

Baada ya siku chache mkongo wa pili nao ukafikishwa pwani. Field, baada ya miaka 12, akawa na mikongo miwili badala ya mmoja. Kupeleka habari kulianza kwa pauni 20 kwa maneno 20, kwa hiyo msidhani ni mtu wa kawaida aliyewapelekea salamu jamaa zake.

Lakini kwangu mimi kilele cha kisa hiki ni mchezo aliofanya fundi wa umeme Latimer Clark mwezi ule ule. Aliagiza ncha mbili za mikongo ziungwe Newfoundland, ukawa waya mmoja wa kwenda na kurudi kupitia Atlantiki yote. Kisha akaomba subana, ile kofia ya kidole ya mshonaji, iliyokuwa ya fedha. Akatia humo tone la tindikali na kipande kidogo cha zinki. Hiyo ndiyo betri. Alama ikaenda Newfoundland, ikarudi Ireland, nuru ikasogea kwenye kipimo bila shida. Miaka minane nyuma, volti 2,000 za Whitehouse zilikuwa zimeua mkongo kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa mnaniangalia mkijiuliza, na sisi? Haya, tuteremke kusini.

Waliotandika Atlantiki hawakukaa kitako. Mwaka 1870 Great Eastern ilitandika mkongo kutoka Bombay hadi Aden, na Aden ikaunganishwa na Suez. Tajiri wa pamba John Pender alikusanya kampuni hizi mkononi mwake. Afrika ya mashariki na kusini ilibaki nje, mpaka Januari 22, 1879, Wazulu walipolishinda jeshi la Uingereza Isandlwana. Habari hiyo ilifika London Februari 11. Siku 20 serikali haijui kwamba imeshindwa vita! Mwaka huo huo kampuni ya Pender, Eastern and South African, ilipewa ruzuku, na ulipokwisha mkongo ulikuwa umelala kutoka Durban kupitia Delagoa Bay na Msumbiji hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Aden. Kisiwa cha Bawe, mnachokiona kutoka Forodhani, kilikuwa kituo cha kampuni hiyo. Hatukuunganishwa ili wafanyabiashara wa karafuu wajue bei mapema, ingawa walifaidika. Tuliunganishwa kwa sababu ya vita iliyopiganwa maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Aliyekuwa akitawala Unguja wakati huo ni Seyyid Barghash bin Said. Miaka michache baadaye alijenga jumba la Beit al-Ajaib. Alifariki 1888.

Agosti 25, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasri pasipo idhini ya Waingereza. Balozi wao, Basil Cave, alikuwa na meli za kivita bandarini lakini hakuwa na ruhusa ya kulipiga kasri. Zamani angepeleka barua, na barua ingekwenda na kurudi kwa wiki nyingi. Katika wiki hizo watu wangezungumza, wazee wangeingia kati, jambo lingepoa au lingechukua sura nyingine. Cave alipiga simu London kuuliza kama ameruhusiwa kutumia mizinga iwapo njia za amani zitashindwa. Kesho yake jibu la Waziri Mkuu, Lord Salisbury, lilifika: ameruhusiwa, ila asianze asichoweza kukimaliza. Katika mkongo, jibu lile na bei ya karafuu ni kitu kimoja, mkondo hafifu wa umeme ukienda huku na huku.

Asubuhi ya Agosti 27, saa tatu na dakika mbili, mizinga ilianza. Ilinyamaza baada ya dakika 40 hivi. Mamia waliuawa na kujeruhiwa, na jumba alilolijenga Barghash likapata makombora yake. Ruhusa ilikuwa imefika tangu siku iliyotangulia, ikipita chini ya bahari ile ile meli zilimotia nanga.